Fidia ya Mkono wa Msusi

Mfuko wa plastiki ulipasuka katikati ya mtaa wa maduka ya jumla, saa ambayo watu wanasukumana mabega, na mafungu ya nywele za kusukia yakatawanyika chini, meusi, mekundu na ya rangi ya asali. Mwenye mzigo alikuwa msusi aliyevaa gauni la njano lililomkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake. Aliinama kuokota huku akilaani. Dereva wa teksi iliyoegeshwa kando akashuka, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kola inasimama, akaanza kuokota naye.

"Dada, hawa wote umewanyoa wewe?"

Msusi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Endelea kuuliza, utafuatia wewe."

"Ninyoe tu, mradi nikufikishe nyumbani."

Alimfikisha, akakataa nauli, akaondoka na namba ya simu. Kesho yake asubuhi akapiga.

"Nilikuwa naulizia zile nywele, zilifika salama?"

"Zilifika. Zinakusalimu."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe yuko kazini, kaka. Ana kichwa cha mtu mikononi."

Tangu siku hiyo simu hazikukatika, na msusi aliziweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa kazini. Wateja waliozoea kusinzia kwenye kiti cha msusi sasa walikaa macho, wasikose mazungumzo. "Kipenzi, umekula?" "Bado, nasuka." "Basi kiache hicho kichwa, unishike mimi." "Wewe! Mteja anakusikia, huna haya?" Na mteja ndiye alikuwa wa kwanza kucheka.

Jumapili moja walitoka kwenda kujitambulisha kwa dada yake msusi, aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Teksi ilikuwa ya tajiri aliyemwajiri, lakini siku hiyo dereva aliiosha kama yake. Msusi alivaa gauni la buluu lenye mikono mifupi, midomo ameipaka rangi, shingoni ananukia waridi. Dereva hakuacha kumgeukia.

"Tazama barabara, bwana."

"Barabara naijua. Wewe ndiye bado nakusoma."

Lori lilitokea mbele, likilipita gari jingine, likaingia upande wao. Breki zililia zikiwa zimechelewa. Teksi ikajibamiza kwenye ukuta wa daraja, na lori halikusimama. Dereva alitoka na mdomo uliopasuka. Mkono wa kulia wa msusi ulibanwa na mlango, na hata plasta ngumu ilipoondolewa, vidole vitatu vilikataa kukunjika.

Daktari alisema upasuaji ungesaidia, ila gharama yake haikuwa ya mtu anayelipwa kwa kichwa. Dada yake akampeleka kwa wakili, mama mmoja wa sauti ya chini aliyesikiliza bila kukatiza.

"Lile lori halijapatikana," wakili alisema. "Bima iliyobaki ni ya hiyo teksi. Italipa ikithibitika dereva wenu alikuwa na kosa. Na wao watasema kosa lote ni la lori."

Jioni ile msusi alimpigia dereva, simu ameishika kwa mkono wa kushoto.

"Wanataka nikushtaki."

"Nishtaki, mpenzi. Bima ndiyo italipa. Sema nilichelewa kukanyaga breki, yaishe, utibiwe."

"Na kazi yako?"

"Tajiri ananijua. Nitamalizana naye."

Mahakamani dereva alikaa nyuma, ubavuni mwa tajiri wake. Wakili wa kampuni ya bima alimsogelea msusi kwa tabasamu.

"Lori liliingia ghafla. Hata malaika angekuwa kwenye usukani, angefanya nini?"

"Angeliona mapema."

"Na kwa nini dereva wako hakuliona?"

Msusi alikuwa ameapa. Aliuangalia mkono wake uliolala juu ya kizimba kama kitu cha mtu mwingine.

"Alikuwa ananitazama mimi."

"Kidogo tu?"

"Sana. Nilimwambia atazame barabara. Akasema barabara anaijua, mimi ndiye bado ananisoma."

Mtu mmoja akaguna kicheko, wengine wakafuata, hadi hakimu akagonga meza. Tajiri akageuka taratibu kumtazama dereva wake, kama mtu aliyemshika mwizi chumbani. Dereva aliinuka, akatoka.

Msusi alimpigia kutwa nzima. Siku ya pili ndipo alipopokea.

"Wakili ndiye aliyekufundisha vile?"

"Hakuna aliyenifundisha. Si wewe uliyesema niseme kosa ni lako?"

"Nilisema breki. Yale mengine yalikuwa yetu, mimi na wewe ndani ya gari. Umeyamwaga mbele ya watu wakacheka."

"Niliapa! Na mkono uliokufa ni wangu, si wako."

"Ni wako, na mimi ndiye niliyeuua. Lakini hukuwahi kuniambia kwamba unanilaumu. Umemwambia hakimu kwanza."

Ilikuwa kweli. Simu ikakatika.

Alishinda kesi. Upasuaji ukarudisha vidole viwili, cha tatu kikabaki kimesimama. Aliweza kushika kitana, lakini kusuka nywele zikakaza, basi tena. Fidia iliyobaki akapangia chumba chenye vioo, akaajiri wasichana wawili, akawa anawaelekeza kwa mdomo. Dereva alinyang'anywa ufunguo jioni ileile ya kesi, na kila mwenye teksi aliyemwomba kazi alikuwa ameshaisikia ile habari ya kusoma wanawake.

Miezi ikapita. Mteja mmoja akasema amemwona dereva akibeba mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Msusi alivaa sketi nyeusi, akapaka rangi ya mdomo kwa mara ya kwanza tangu ajali, akamfuata.

Alimkuta mweupe kwa saruji, hadi kope.

"Unahitaji mifuko mingapi, mama?"

"Mmoja. Ule unaotembea."

Dereva alikaribia kucheka.

"Nimekuja kukuposa," msusi alisema. "Cheka ukitaka. Dada yangu anajua, amepika, anatusubiri."

Dereva alijifuta kiganja kwenye suruali, akaushika mkono ule, akajaribu kukikunja kile kidole kilichosimama.

"Kinauma?"

"Wakati wa baridi. Nimekusamehe, mpenzi wangu. Nimekusamehe kabisa."

"Lini? Kabla hawajakulipa, au baada?"

Msusi alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, ila lilichelewa.

"Usijibu," alisema kwa upole. "Ingekuwa mimi, ningefanya vilevile."

"Wewe! Gari linasubiri!" mwenye duka alipaza sauti.

Dereva aliuachia mkono, akajitwisha mfuko begani. Alikwenda, akarudi, akachukua mwingine, akapita kando yake bila kuinua uso. Msusi alisimama palepale hadi simu ilipolia.

"Mnakuja?" dada yake aliuliza. "Chakula kinapoa."

"Anabeba saruji, dada."

"Nakuuliza, amekubali?"

"Si nimekwambia anabeba saruji?"