Nyasi Chini ya Gari

Taa ya injini ilianza kupepesa walipokuwa wanapanda kilima.

Ilikuwa taa ndogo ya njano kwenye dashibodi. Kinyozi, aliyekuwa anaendesha, alikuwa ameishi nayo kwa wiki kadhaa ikiwa imewaka na kutulia tu. Fundi wake alimwambia: ikitulia hivyo, endesha pole uniletee niipime, ikianza kupepesa, simama, usibishane nayo. Kila wiki alisema atalipeleka gari, na kila wiki kulikuwa na vichwa vya kunyoa. Kisha baba yake akavunjika mguu, na gari likawa la kwenda na kurudi hospitali.

Leo walikuwa wanamrudisha nyumbani. Mzee alilazwa nyuma, viti vikiwa vimekunjwa, mguu umo ndani ya plasta kuanzia pajani mpaka vidoleni, chini yake blanketi zito la sufu. Mbele, kando ya kinyozi, alikaa dada yake mkubwa, fundi cherehani, mkoba mapajani na dumu la maji miguuni.

"Mbona linatetemeka?" dada aliuliza.

"Mlima tu. Tukifika juu litatulia."

Walifika juu halikutulia. Lilikwenda kwa kurukaruka, kama mtu anayechechemea, na harufu ya mayai yaliyooza ikaingia ndani. Kinyozi alikanyaga mafuta. Gari likanguruma bila kuongeza mwendo. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na njia hii ya mchepuko ilikatiza mbuga tupu: alama mbili za matairi, nyasi katikati, nyasi pande zote, kavu, ndefu kufikia vioo. Alitaka kuivuka kabla jua halijashuka. Akaendelea kukanyaga, taa ikaendelea kupepesa, mpaka gari likaishiwa nguvu kabisa.

Hakutaka kusimama katikati ya njia. Malori ya mchanga yalipita hapa yakijifunika vumbi lao wenyewe, na mtu mwenye mguu wa plasta hawezi kurukia pembeni. Akakata usukani, akaliingiza gari kwenye nyasi, akazima.

Nyuma, mzee alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Mzee huyu aliendesha malori ujana wake wote. Asubuhi, kabla hata hawajatoka getini kwa hospitali, alikwisha kumkosoa mwanawe juu ya gia, juu ya kioo na juu ya breki. Kinyozi alimjibu kwa upole, lakini alimjibu: "Baba, gari lenye madereva wawili huishia mtaroni." Mzee akacheka, akasema, "Haya, bwana dereva. Mimi leo ni mzigo." Tangu hapo alikaa kimya kama mzigo.

Kinyozi alifungua boneti akatazama injini asiyoijua. Upepo ulivuma kutoka mbele ya gari, wa joto, ukimletea vumbi machoni. Alifuta jasho. Alikuwa amechoka, uchovu wa majuma ya kulala kwenye mabenchi ya hospitali.

Dada ndiye aliyesikia. Mlio mdogo, kama karatasi inayokunjwa, chini ya miguu yake.

"Kuna kitu kinaungua."

Kinyozi aliinama. Bomba la moshi lilikuwa jekundu kama chuma cha mhunzi, na nyasi zilizoligusa zilikwishashika moto.

"Tokeni!"

Alimwaga maji ya dumu chini ya gari. Yalifoka mvuke, na moto ukatokea upande wa pili. Dada, mkoba begani, alimnyang'anya dumu. "Yaache! Baba kwanza!"

Walifungua mlango wa nyuma, wakashika blanketi pembe mbili, wakavuta. Mzee alishuka kwa kishindo, akauma meno, dada akamwekea dumu kifuani. Upepo ulikuwa unausukuma moto kuja upande uleule waliomtolea. Mbele, gari lilikuwa linawaka, na kulipita hakukuwezekana. Wakaanza kumburuta kurudi walikotoka, wakiupa moshi mgongo, blanketi likikwama kwenye kila jiwe.

Mzee alikuwa mtu mzito. Walivuta, wakasimama, wakavuta. Nyuma yao nyasi zililia kama mvua kubwa juu ya mabati, na ndege walipita juu wakikimbia.

"Niacheni," mzee alisema. "Mna watoto."

"Na wewe una watoto," kinyozi alisema. "Tulia, unatuongezea uzito."

Dada alitazama nyuma. Ukuta wa moto ulikuwa umeshavuka njia, pande zote mbili, na ulikuwa unakuja kwa haraka kuliko wao. Lakini nyuma ya ukuta ule, moshi ulipopasuka, aliona ardhi nyeusi, tupu, isiyo na cha kuungua tena.

Aliachia blanketi akapekua mkoba. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi na kiberiti cha gesi alichotumia kuunguza ncha za utepe zisifumuke.

"Dada, unafanya nini?"

"Tuchome sisi kwanza. Mbele yetu. Upepo utaupeleka moto wetu kule, sisi tukae palipoungua."

"Utatuua!"

"Tunakufa hivi hivi. Nifunike nisipigwe na upepo."

Kinyozi alisimama akaukinga upepo kwa mwili wake. Kiberiti kilikataa, kikakataa, kikashika. Aliwasha kushoto kwa njia, akawasha kulia, akawasha nyasi za katikati. Moto mpya uliondoka mbio mbele yao, ukiacha weusi nyuma yake. Hawakusubiri upoe. Walimburuta mzee juu ya majivu yaliyokuwa bado yana macho mekundu, wakamwaga maji yaliyobaki juu ya nguo na vichwa, wakalala kifudifudi pande zake mbili. Ukingo wa blanketi ulishika moto. Dada aliuzima kwa viganja, ukawaka tena, akauzima tena.

Moto mkubwa ulifika kwenye weusi, ukanguruma, ukakosa chakula. Ukagawanyika, ukapita.

Walipoinua vichwa, dunia ilikuwa na rangi moja. Gari lilikuwa mifupa. Dumu lilikuwa tupu. Kinyozi alikwenda hatua chache kutafuta kivuli, akarudi, akaketi. Mate yalikuwa yamegeuka gundi.

"Mguu?" aliuliza.

"Upo," mzee alisema. "Unauma, kwa hiyo upo."

Wakakaa. Jua lilisogea. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulaumu, na labda ndiyo maana maneno yalitoka.

"Niliona unaliingiza kwenye nyasi," mzee alisema. "Lilikuwa na joto, nilisikia harufu. Nikasema, si gari langu."

Dada alitazama viganja vyake vilivyoanza kuvimba.

"Mimi niliiona taa," alisema. "Nikafikiri wanaume wawili madereva, mimi nitasema nini?"

"Na mimi niliambiwa na fundi," kinyozi alisema. "Kwa lugha niliyoielewa."

Mzee alinyoosha mkono akamshika mwanawe kisigino, mahali pekee alipoweza kufikia, akauacha mkono pale.

Moshi wao ulionekana mbali. Kabla ya giza lilikuja lori la maji, linalotumika kutuliza vumbi kwenye matengenezo ya barabara, likitimua majivu. Dereva aliteremka na bomba mkononi, tayari kwa moto, akawakuta watu watatu weusi kama masizi.

"Nani kawasha huku?"

"Sisi," dada alisema. "Na ule mwingine pia. Una maji ya kunywa?"

Dereva aliwapa chupa yake, kisha akawatazama wanavyopokezana bila kunyang'anyana, mzee akinywa wa mwisho kwa kutaka mwenyewe.

Kambini kwa wajenzi wa barabara, alikowapeleka, kulikuwa na muuguzi. Aliikata plasta iliyojaa majivu, akapapasa mfupa taratibu, akasema umebaki mahali pake. Watamfunga upya kesho. Kisha akaifunga mikono ya dada kwa bendeji mpaka ikawa kama mifuko miwili. Akamwambia hatashika sindano kwa muda mrefu.

Chai ililetwa. Kinyozi alikuwa amelala akiwa ameketi, kidevu kifuani, viatu vimeungua soli. Dada alikitazama kikombe mbele yake, asijue akishikeje.

Mzee alijisogeza kwa viwiko mpaka ukingo wa kitanda. Ilimchukua muda, na hakuruhusu msaada. Alikichukua kikombe, akapuliza juu yake kwa muda mrefu, kisha akakipeleka mdomoni kwa binti yake.

"Kidogo kidogo," alisema. "Usikimbilie."