Orodha ya Watoto Kwenye Mashine ya Safina

Orodha ya watoto wa chanjo iligoma kutoka siku ya tatu mfululizo, na ajabu yake, Nadine, karani, akiifungua kwa mkono inafunguka. Ila programu ya Python ikijiendesha yenyewe saa moja asubuhi, kabla hajafika zahanati, inajibu: hakuna faili hilo. Na chumba kinanuka udi. Nani anafukiza udi zahanati, hapa Kasulu mjini?

Akampigia Moses, aliyeiandika programu mwaka jana, 2013.

"Dada, njia ya faili inaanza na Z?"

"Si wewe uliyeandika!"

"Aa, basi kosa langu," akacheka. "Hiyo Z ni njia ya mkato tu ya kwenda mashine ya stoo, ipo ukiingia wewe kwa jina lako. Programu ikiamka peke yake haiijui. Futa Z, andika jina kamili la mashine ya stoo, folda, halafu faili."

Mashine ya stoo iliitwa Safina. Safina alikuwa karani kabla yake; alikufa kwa uzazi, yeye na mtoto. Nadine akaandika, na huku anaandika anatamka, Safina, mwanawe yuko mgongoni.

Faili likafunguka palepale.

Bi Zaitun, mfagiaji, akaangusha fagio. "Umemwita? Na mtoto mgongoni?" akanong'ona. "Mama Ntirandekura, kwenu hamkufundishwa kutomwita marehemu?"

Sasa, Nadine alishazika watoto wawili. Ndiyo maana huyu wa tatu akapewa jina baya, Ntirandekura, yaani kifo hakijaniachia, ili kinachochukua watoto kimdharau kipite. Jina lake zuri walilijua yeye na mumewe tu, halikuandikwa popote, hata kwenye kadi ya kliniki.

Kwenye orodha, mstari wa mwisho, lilikuwepo. Bazilio. Jina la mama: Safina.

"Futa! Futa upesi!" Bi Zaitun akahimiza.

Akafuta, likarudi, akafuta njia yote akarudisha Z, likabaki, akachomoa waya wa mtandao, na udi sasa umejaa chumba kizima, na mlango wa stoo, ambao Bi Zaitun aliapa kaufunga kwa ufunguo, ukawa umeachia kidogo, na huko ndani mwanamke anaimba kwa sauti ya chini, ile ya kubembeleza, Bazilio, Bazilio, na mtoto, ambaye hajawahi kuitwa hivyo tangu azaliwe, akacheka.

"Usigeuke," Bi Zaitun akasema, amesimama mbele yake, machozi yanamtoka. "Mshike tu, mwanangu, mshike."

Nadine akarudisha mikono nyuma. Kwenye fundo la mbeleko akagusa vidole vya mtu, vya baridi, vinalifungua taratibu.