Kabati na Amri Mbili

"Nimekwambia inua—"

"Nimeinua, wewe ndiye uliyeshusha—"

"Nimeshusha kwa sababu umechelewa."

Kabati lilisimama kati ya seremala na mkewe, limenuna kuliko wote wawili. Kioo cha kwanza kilipasuka asubuhi. Hiki cha pili kikienda, mteja naye angekwenda, na mwenye mkokoteni alikuwa anasubiri mlangoni.

Kabati lilikuwa limemtua mke mguuni; akachezesha vidole kuona kama bado vyote ni vyake. Chumbani, mama mkwe wake, mzazi wa seremala, akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Miguu ilikuwa imemgomea. Siku moja wawili hawa walimwinua, mmoja akavutia kulia, mwingine kushoto, kama wanakamua shuka. Tangu hapo akaapa hawatamgusa tena. Kitanda kikawa dunia yake.

Jirani yao, muuguzi, alikuwa anatoka kumpima mama huyo presha. Akauliza nani anatoa amri hapa.

"Mimi," wakajibu wote.

"Basi ugonjwa ndio huo. Kubeba pamoja ni kushika kitu kimoja. Kubeba kwa wakati mmoja ni kuanza sekunde ileile. Nyie mnabeba pamoja tu."

Akawaeleza wanavyomhamisha mgonjwa wodini. Anayetoa amri ni mmoja, yule wa upande wa kichwa. Kwanza anauliza kama mwenzake yuko tayari. Akijibiwa, anasema "inua", na wote wanainua kwa neno hilo, si kabla, si baada. Magoti yanakunjwa, mgongo unanyooka. Kushusha, vilevile.

Seremala akasema sawa, amri atatoa yeye, fundi ni yeye. Muuguzi akauliza upande wenye kioo, ambao ndio kichwa cha kabati, kashika nani. Kashika mke. Seremala akarudi upande wake.

Mke akakunja magoti. "Baba watoto, tayari?"

Seremala akajibu shingo upande. "Tayari."

"Inua."

Kabati likapanda kama limepakwa mafuta. Likapita mlangoni, likatua mkokotenini bila hata kulia. Mke akajiona kwenye kioo, kizima, jasho tele, anacheka peke yake.

Seremala alikuwa ndio kwanza anaanza kumsimulia mwenye mkokoteni alivyolibeba, sauti ikatoka chumbani. Safari hii haikuwa kikohozi.

"Mkwe wangu, njoo ushike upande wa kichwa. Nataka kutoka nje."