Mama Chupa Agoma Kuandika Jina

Mama Chupa alikuwa fundi maabara chuoni. Kila asubuhi aliosha chupa za majaribio, akazipangusa, akazipanga mezani kabla wanafunzi hawajaingia. Mwanafunzi aliyevunja chupa alisikia maneno yake mpaka siku ya kuhitimu. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Naye alilipenda, tena aliitika kwa sauti.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba, chini ya dirisha la jikoni. Walikuwa na binti mmoja. Mwaka huo binti alipata nafasi katika chuo kilekile anachofanyia kazi mama yake. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Kisha wakaiona ada.

"Hii ni ada ya kusoma," Fundi aliuliza, "au wanatuuzia chuo?"

"Cheka tu," mkewe alimjibu. "Siku ya kufungua ikifika hatujalipa, nafasi anapewa mwingine."

Binti alikuwa ameikunja barua ya chuo na kuifungua mara nyingi mpaka ilianza kuchanika kwenye mikunjo.

Kesho yake, wakati wa chai, Mama Chupa alimweleza mtunza stoo shida yake. Mtunza stoo huyu wote walimwita Njia Fupi. Hakuna foleni aliyowahi kuipanga mpaka mwisho.

"Shida gani hiyo?" Njia Fupi alisema. "Si upo wakfu wa chuo?"

"Wakfu ni wa watoto wasio na uwezo. Mimi na mume wangu tunafanya kazi."

"Sisemi uombe. Nasema utoe!" Akavuta kiti karibu. "Mfanyakazi akiuchangia wakfu, anapunguziwa kodi. Sheria inaruhusu. Sasa wewe changia kiasi cha ada ya binti yako. Chini ya fomu andika jina lake, kwamba ndiye asaidiwe. Wakfu unamlipia ada, wewe unapunguziwa kodi, na jina lako linabandikwa ubaoni kwa ukarimu. Unakula huku na huku!"

"Na hiyo ada naitoa wapi?"

"Kakope. Si kodi itakurudishia?"

"Watu wanafanya hivyo kweli?"

"Wenye akili wote. Hata mkuu wa idara anajua."

Mama Chupa alirudi nyumbani na fomu mkobani. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza wiki ile.

Bandani alimkuta jirani yao, amekuja kuchukua ndala zake. Jirani huyu alikuwa mstaafu wa ofisi ya kodi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Risiti, kwa sababu hata akinunua fungu la nyanya alidai risiti.

"Bibi, ni uzi tu nimepitisha," Fundi alikuwa akilalamika. "Uzi nao una risiti?"

"Mkono wako una kalamu? Basi andika."

Mama Chupa akacheka, akawaeleza habari njema. Aliieleza yote, mpaka ile ya kula huku na huku. Bibi Risiti hakucheka. Alikaa juu ya kigoda cha wateja.

"Fundi, nipe misumari kumi," alisema.

Fundi akampa. Bibi akaipanga juu ya ubao wa kukatia ngozi.

"Huu ni mshahara wako, Mama Chupa. Tuseme kodi ni msumari mmoja katika kila mitano. Unalipa mingapi?"

"Miwili."

"Sasa toa mitano kwa wakfu." Akaisogeza pembeni. "Mchango ukikubaliwa, kodi inahesabiwa kwenye hii mitano iliyobaki. Utalipa mingapi?"

"Mmoja."

"Kwa hiyo umeokoa?"

"Mmoja." Mama Chupa aliikodolea macho misumari. "Mmoja tu? Njia Fupi amesema kodi inarudisha yote!"

"Hakuna nchi ninayoijua inayomrudishia mtu zawadi yake yote. Unatoa mitano, unapunguziwa mmoja. Minne imekwenda, na imekwenda kwa moyo wako. Viwango vinatofautiana. Kwingine kuna kikomo, kwingine hakuna punguzo kabisa. Uliza ofisi ya kodi ya mahali ulipo. Lakini hilo si kubwa."

"Kubwa ni lipi?"

"Ukiandika jina la binti yako, hujatoa zawadi. Umelipa ada ya mwanao kwa kupitia mlango wa nyuma. Ada ya mwanao ni wajibu wako, na kodi haipunguzwi kwa ajili hiyo. Zawadi ni kitu unachokitoa, ukakiachia. Kikirudi nyumbani kwako, hata kwa mkono wa mwanao, si zawadi tena."

Fundi alikuna kidevu. "Na wakigundua?"

"Utalipa ile kodi, na faini juu yake. Tena wakfu wenyewe una kibali cha ofisi ya kodi. Ukigeuka kuwa mfereji wa kulipia watoto wa wafanyakazi, kibali hicho kinaweza kufutwa. Hapo watakaoumia ni wale watoto wasio na mtu."

Mama Chupa alikasirika. Aliwakasirikia wote, Njia Fupi, Bibi, hata ile misumari.

"Wakubwa wanafanya!" alisema. "Wao wana magari, mimi nina koti lenye matundu ya dawa. Kwa nini sheria inione mimi tu?"

Ndipo binti akatoka jikoni. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Mama, usiliandike jina langu."

"Wewe nyamaza. Hujui ada inatoka wapi."

"Sijui, lakini hiyo siitaki. Shuleni nilikaa dawati moja na mwenzangu aliyelelewa na bibi yake. Ameomba wakfu kwa sababu hana mwingine wa kumwomba. Nitamtazamaje usoni, mimi niliyeandikwa sina uwezo, na baba na mama ninao? Afadhali nikose nafasi. Nitakaa hapa na baba nishone viatu."

"Hutashona kitu!" mama alifoka.

"Basi usiniandike!"

Fundi alitazama misumari yake. Kisha akasema taratibu, "Huyu mtoto kakuchukua wewe, mke wangu. Mimi sikuwahi kugombana na mtu hivi."

Mama Chupa alitaka kukasirika zaidi, lakini alishindwa. Ndani ya moyo wake alijivuna. Aliitoa fomu mkobani akaiweka mbele ya Bibi Risiti.

"Nionyeshe inavyojazwa sawasawa," alisema.

"Kumbe bado unataka kutoa?"

"Nilishasema nitatoa. Nitatoa kidogo changu. Mtu asiniringie."

Bibi akamwelekeza. Kwanza aulize kama kibali cha wakfu bado kinafanya kazi. Pili asitoe pesa mkononi kwa mtu yeyote, hata awe mkuu. Akatwe kwenye mshahara au alipe katika akaunti ya wakfu. Na risiti iwe na jina lake yeye mwenyewe, kiasi, tarehe na namba ya wakfu.

"Bila risiti, hata mimi nisingekukubalia," Bibi alisema, "ingawa mumeo ndiye anayenishonea ndala."

Siku mbili baadaye mkuu wa idara aliwaita wafanyakazi wake maabara. Walikaa kwenye vigoda virefu vya wanafunzi. Njia Fupi alipita akikusanya fomu.

"Nataka idara yetu iongoze kwa michango," mkuu alisema. "Na kama mnavyojua, mnaweza kuwakumbuka watoto wenu hapo chini."

Watu wakacheka. Njia Fupi akafika kwa Mama Chupa, akaitazama fomu yake.

"Umesahau jina la binti."

"Sijasahau."

"Andika basi. Kalamu hii hapa."

"Siandiki."

Kicheko kikakatika. Mama Chupa akasimama. Aliogopa. Alishika ukingo wa sinki. Lakini hakukaa.

"Nachangia," alisema. "Nachangia kila mwezi, nikatwe kwenye mshahara. Ila jina la mwanangu siandiki, kwa sababu hiyo si zawadi. Ni ada iliyovaa koti la zawadi."

"Kwani wewe umekuwa askari wa kodi?" Njia Fupi aliuliza.

"Mimi naosha chupa. Naijua chupa iliyooshwa, na naijua iliyosuuzwa tu ikawekwa kabatini."

Mkuu wa idara akakohoa. "Mama, tulia. Hili ni jambo la hiari."

"Kama ni la hiari, mzee, mbona nikitoa bila kurudishiwa mnanuna?"

Njia Fupi alijibu kwa niaba ya mkuu. "Na binti yako atasoma wapi? Siku ya kufungua ni wiki ijayo."

Hapo alimgusa penye kidonda. Mama Chupa akaikunja fomu yake.

"Atasoma hapahapa," alisema. "Na ada yake italipwa kwa mlango wa mbele, mchana kweupe."

Alitoka na fomu yake mkononi. Hakujua ada hiyo ingelipwa na nini. Alijua tu kwamba ameshasema, na maneno yakitoka hayarudi.

Alikwenda moja kwa moja ofisi ya wakfu. Katibu wa wakfu alimwonyesha kibali. Kilikuwa hai. Alimsajili akatwe kwenye mshahara.

"Na mtu akiandika jina la mtoto wake?" Mama Chupa aliuliza.

Katibu aliinamisha kichwa. "Hairuhusiwi. Wanafunzi huchaguliwa na kamati. Nimeyaona majina hayo kwenye fomu. Wakubwa walikuwa kimya, nami nikanyamaza."

"Basi mimi si mkubwa, na sinyamazi. Liweke hilo katika maandishi, libandikwe ukutani."

Katibu alichukua karatasi, akaanza kuandika tangazo. Kabla hajatoka, Mama Chupa aligeuka. "Na mtu asiyeweza kulipa ada yote kwa mara moja?"

"Analipa kwa awamu. Anaandika barua kwa mhasibu kabla ya siku ya kufungua. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa, kwa sababu hakuuliza. Alikuwa ameuliza njia fupi tu.

Wiki ile nyumba haikupoa. Fundi alitoa vipande vya ngozi alivyoviweka miaka mingi, akaanza kushona mikoba. Binti alikata, baba alishona, mama aliipeleka chuoni wakati wa chai. Wenzake wengine walimpita bila salamu tangu kile kikao. Yeye aliwasalimia kwa nguvu zaidi, na baadhi yao wakanunua mikoba kwa aibu. Siku moja kabla ya kufungua, awamu ya kwanza ililipwa. Binti aliingia chuoni kwa jina lake, akiwa na mkoba wa baba yake begani.

Mwaka ulipokwisha, Mama Chupa alijaza taarifa yake ya kodi pamoja na Bibi Risiti. Aliambatanisha risiti zake zote. Punguzo lake lilikubaliwa bila swali. Lilikuwa dogo. Lililipia kitabu kimoja cha binti.

"Hiki tu?" Fundi alisema. "Kelele zote zile?"

"Hiki tu. Lakini binti anakisoma mlango ukiwa wazi," Mama Chupa alijibu.

Maofisa wa kodi walikuwa wameipitia michango ya chuo. Walioandika majina ya watoto wao waliitwa mmoja mmoja, mkuu wa idara akiwa wa kwanza, Njia Fupi wa pili. Mapunguzo yao yalifutwa, wakalipa kodi na faini. Wakfu ulionywa, lakini kibali chake kilibaki, kwa kuwa lile tangazo lilikuwa tayari ukutani. Na yule mwenzake binti wa dawati moja, aliyekuwa amepewa msaada wa wakfu, aliendelea kusoma.

Jioni moja Njia Fupi alikuja bandani na viatu vyake. Soli zilikuwa zimekwisha.

"Ni kwa kuzunguka ofisi ya kodi," alisema.

"Karibu," Fundi alimjibu. "Njia fupi zinakula viatu."

Njia Fupi alimgeukia Mama Chupa. "Niambie kitu kimoja. Huyo mwanafunzi unayemsaidia ni yupi?"

"Simjui."

"Unakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

"Ndiyo. Na wewe uliyemjua wako, umebaki na nini?"

Njia Fupi akatazama soli zake.

Kesho yake maabara ilijaa. Binti alikuwa meza ya nyuma na wenzake. Mara chupa ikaanguka, *paa!* Kijana mmoja wa meza ya mbele alisimama akitazama vipande. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwashonwa. Mama Chupa alimtazama. Huenda ndiye huyu, aliwaza. Huenda ni huyu ninayemlipia.

Maabara nzima ilimgeukia.

"Unaitazama nini?" Mama Chupa alifoka. "Ufagio uko pale! Wakfu unalipia ada, haulipii chupa!" Kisha akamnyooshea kidole binti yake, aliyekuwa akicheka meza ya nyuma. "Na wewe, ukivunja, utaniona vilevile."