Kisanduku cha Omolo

Valerie alikifuta, kikarudi.

Alikuwa nyumbani kwake Kitengela, mwanawe Ryan amelala kando, akichora ramani ya tovuti ya duka la vigae la Bwana Githongo. Programu yenyewe haina maringo: unaandika jina la ukurasa, kisanduku kinajichora na mstari wake. Lakini Valerie hata hilo aliliona refu. Alinakili mchoro wa zamani, ule wa tovuti ya kumbukumbu ya marehemu Omolo, kaka wa mumewe Ochola, akabadilisha majina tu. Ukurasa wa tanzia ukawa wa vigae vya bafu. Haraka haraka haina baraka, na haya aliyatafuta mwenyewe.

Kisanduku chenye jina la Omolo kikakataa kufutika. Kila alipokifuta, Ryan aliamka akalia.

Hasira zikampanda. Githongo alishasema mchoro usipofika saa nane mchana, kazi anampa mwingine, na Valerie hakuwa amepata kazi yoyote tangu ajifungue. Akafuta tena, akazima kompyuta, akaiwasha, na Omolo alikuwa pale pale, na mtoto akazidi kulia, na chumba kikaanza kunuka sigara ilhali nyumba ile haina mvutaji, na nyuma ya pazia mtu akakohoa kikohozi kizito, mara mbili, kisha akasafisha koo, kama alivyozoea Omolo kabla ya kuingia ndani.

Akampigia mama mkwe aliyekuwa kwao Siaya, akinong'ona.

"Mama, kuna kitu hapa kwa nyumba. Mtoto amekataa kunyamaza."

"Nyathina, mwanangu, huyo mtoto mlimpa jina ya nani?"

"Ryan tu. Ochola alisema majina za wazee ni za kitambo."

"Na Omolo alikufa bila mtoto. Hiyo kilio si ya njaa, ni yeye anataka jina yake. Mwite hiyo jina."

"Mama, niko na client saa nane!"

"Basi mwite haraka."

Valerie akamwinamia mwanawe, amechoka, amekasirika. "Omolo," akasema.

Kilio kikakatika. Kisanduku kikatoweka. Akautuma mchoro, na Githongo akajibu papo hapo: "Iko sawa, endelea." Valerie akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ametulia?" mama mkwe akauliza, bado yuko kwenye simu.

"Ametulia, Mama."

Kikohozi kizito kikasikika, mara mbili, kisha koo likasafishwa.

"Nani huyo anakohoa? Ochola amefika?"

Valerie akashusha simu. Alikuwa akimtazama mtoto, na mtoto alikuwa akimtazama yeye, na ile harufu ya sigara ilikuwa ikitoka kinywani mwa mtoto.