Ishirini ya Kitanda Namba Tisa

"Simu hupokei, ujumbe hujibu, na nikija hapa unajificha nyuma ya mgonjwa wa plastiki! Nimekukosea nini?"

Fundi saa alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi, shati la mistari likimpwaya. Wiki tatu tangu amzike mama yake, alikuwa amekonda. Mchumba wake, sare ya buluu imenyooka pasi, aliendelea kutandika kitanda. Shuka hilo alikuwa amekwisha kulitandika mara tatu.

"Nenda zako. Mwalimu yuko ofisi ya pili hapo, atakusikia."

"Asikie! Mwambie mkwe wake kaja."

"Usinitanie leo."

"Nani anatania? Mama alisema, 'Yule sista mdogo mwenye mikono laini usimwachie.' Dada zangu wanamngoja wifi yao. Wewe unanikimbia kama nina upele."

Mikono laini ikaacha kutandika.

Walijuana sokoni, mwaka mmoja nyuma. Msichana alipeleka saa yake ya kubandika kifuani, mshale wa sekunde umegoma. Fundi akaitengeneza, akanyoosha mkono: "Ijaribu kwangu, uone kama inasema kweli." Akahesabiwa mapigo ya moyo, lakini mkono haukuachiwa. Fundi akajiona kapendwa. Kumbe mwenzake alikuwa anahesabu pumzi, kama walivyofundishwa: unaendelea kumshika mgonjwa mkono ili asijue unahesabu pumzi, maana akijua atazibadilisha. Kupendwa kulikuja alipofika pumzi ya kumi na tano, akakuta fundi ameacha kupumua kabisa, anamtazama.

"Kaa," alimwambia sasa. "Asubuhi ya siku ile aliyofariki, mama yako alikuwa wodini, kitanda namba tisa, mgonjwa wangu. Nilimpima joto, nikampima presha. Pumzi sikuhesabu. Niliandika ishirini."

"Ishirini ni mbaya?"

"Ni nzuri. Ndiyo maana tunaiandika tukiwa na haraka. Daktari akasoma chati, akaona huyu hana shida, akampita. Aliporudi saa tisa, kifua kilikuwa kimeshamshinda."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, shuka likakunjamana.

"Alikuwa anapumua ngapi?"

"Sijui. Hakuna atakayejua."

"Lakini aliniambia ulimshika mkono muda mrefu."

"Nilimshika." Alishika pembe ya shuka. "Nikawa naangalia mlango. Ulisema utakuja."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la nguo chafu, gurudumu moja linalia.

"Ungenyamaza tu," fundi alisema mwishowe, macho sakafuni, "ningekuoa."

"Najua. Ndiyo sababu sikupokea simu."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Watakufukuza."

"Huenda. Lakini nikilificha hili, siku nikiwa na haraka nitaandika ishirini tena, kwa mama wa mtu mwingine."

Msichana alinyoosha mkono amfute fundi machozi, kisha akaurudisha. Hakuwa na haki hiyo tena. Akalainisha shuka upande ule asioukalia fundi, akatoka. Hatua kumi na mbili hadi ofisi ya pili. Aligonga, akaingia bila kungoja kuitwa.

"Mwalimu, ile ishirini ya kitanda namba tisa sikuihesabu. Niliibuni."

Mwalimu alivua miwani taratibu. Kule nyuma kitanda cha mazoezi kililia, mtu ameinuka. Nyayo zikapita nyuma ya mlango, zikasimama kidogo, kisha zikaenda zake. Msichana hakugeuka.