Ingia Ukae

Asubuhi ile kifuniko cha sufuria ya nta kilianguka, na Mek Jarah akashtuka na kurudia neno ambalo hakuna aliyelisema.

"Nimefika!" alisema. "Nimefika, nimefika!"

Wanawake wa karakana ya batiki walicheka mpaka wakashika mbavu. Mek Jarah alikuwa na latah, kama baadhi ya wanawake wa jimbo lao la Kelantan wakishakuwa watu wazima. Ukimshtua hurudia usemacho, huiga ufanyacho, na ukimwamuru jambo hulitenda kabla akili haijamrudia. Mtekenye mbavu useme "Cheza!", naye hucheza. Mwambie "Tukana!", naye huporomosha matusi ya nguoni, kisha huomba radhi, uso umemshuka kwa haya. Ilikuwa burudani yao ya bure, na bingwa wake alikuwa Saodah, mpwa wake mwenyewe, aliyelelewa na Mek Jarah tangu wazazi wake walipofariki. Shukrani ya punda ni mateke.

"We Saodah, leo umemnong'oneza nini?" aliuliza Wok Limah, huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Mimi? Sijasema kitu."

Safari hii Saodah hakucheka. Alikuwa anajua.

Siku chache kabla, wenzao walikuwa wamekwisha kwenda zao, na adhana ya magharibi ilikuwa ikisikika. Ni saa ambayo kila mtoto wa pale ameonywa asiite jina la mtu nje. Mek Jarah alikuwa akifunga dirisha linalotazama migomba. Saodah alimnyatia, akamtekenya, akanyoosha kidole kwenye migomba na kupiga kelele: "Mwite! Mwite aingie!"

"Njoo!" Mek Jarah aliita, mikono ameitandaza. "Ingia! Ingia ukae!"

Saodah alicheka hadi akakaa chini. Hapakuwa na upepo, lakini jani moja la mgomba lilipinda taratibu, kama pazia linalosogezwa na mkono. Hapo kicheko kilimkauka.

Tangu hapo mambo yaliharibika. Mek Jarah alikuwa akiacha kazi katikati, anageukia kona ya pipa la maji, na mkono wake unaanza kuchana nywele. Hazikuwa nywele zake, maana zake ziliishia shingoni. Mkono ulishuka kutoka utosini, ukapita kifua, ukapita goti, ukafika sakafuni na bado ukaendelea kuvuta pembeni, na kila ulipovuta, karakana ilijaa harufu ya maua ya makaburini, tamu ya kulevya, ambayo ukiinusa kwa muda iligeuka kuwa harufu ya nyama iliyosahaulika juani. Wanawake waliacha kumtania. Walihamisha meza zao, moja moja, bila kuambizana.

Saodah akampeleka kliniki. Daktari, mama mpole aliyeitwa Hasmah, alimtazama Mek Jarah kwa muda mrefu.

"Latah si wazimu," alisema. "Bibi yangu alikuwa nayo. Lakini mwenye latah humwiga aliye mbele yake. Sasa huyu anamwiga nani?"

Saodah aliirekebisha kanga ya shangazi yake begani.

"Dada, mimi sina kipimo cha damu kinachoonyesha hofu. Nategemea mnachoniambia. Ilianzaje? Kuna kitu kilimtisha?"

Neno lilimfika Saodah kwenye ncha ya ulimi. Akawaza kijiji kizima kitakavyosema: yule ndiye aliyeingiza shetani. Akawaza pia macho ya shangazi yake, na hayo ndiyo aliyoyaogopa zaidi.

"Hapana, daktari. Ilianza tu."

Basi daktari akaandika alichoweza kuandika: anaona asiyekuwepo, anasikia asiyekuwepo, hakuna sababu inayojulikana. Akatoa dawa za ugonjwa mzito wa akili. Dawa zile hazikumfukuza yule wa kona. Zilichofanya ni kuitetemesha mikono ya Mek Jarah, mikono iliyokuwa ikichora ua zima kwa kalamu ya nta bila kuliwekea alama kwanza. Nta ilidondoka ovyo, vitambaa vikaharibika, na mwenye karakana akamwambia akapumzike nyumbani, naye Mek Jarah akaenda bila ubishi, akiomba radhi njia nzima.

Mwishowe daktari alikuja na gari ili ampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana na kwao. Jua lilikuwa likizama. Majirani walikuwa wamemwita pia Tok Deraman, mganga wa mtaa wa pili, naye alikuwa ameketi mkekani akifukiza ubani. Harufu ya ubani na ile nyingine zilipigania chumba.

"Jini haingii nyumba asiyokaribishwa," Tok Deraman alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimkaribisha?"

Mek Jarah aliinua kichwa. Alichotoa kinywani hakikuwa neno. Kilikuwa kicheko, cha kijana, chenye kwikwi katikati, na majirani wote chumbani wakageuka kumtazama Saodah, mwenye kicheko hicho.

"Ni mimi!" Saodah alilia. "Nilimshtua magharibi, nikamwambia aite, naye akaita! Shangazi hana kosa. Sababu ilikuwapo, daktari, nilikuficha!"

Daktari alifunga kalamu yake. "Ndicho nilichokuuliza," alisema. "Nimemlisha dawa kwa maradhi ambayo huenda hana."

"Mdomo wake, neno lako," alisema Tok Deraman. "Aliyekaribisha ndiye wa kumwondoa mgeni. Mshtue tena, umwamuru amtoe."

Mek Jarah aliushika mkono wa Saodah. "Usinishtue, mwanangu," alinong'ona. "Nimechoka. Miaka yote nilichoka."

Hakuwahi kulisema hilo. Saodah aliona aibu iliyomwingia hadi mifupani, na alikuwa bado analia alipomtekenya na kupaza sauti: "Mtoe! Mwambie atoke!"

"Toka! Toka! Toka!"

Kitu kirefu kilijiburuta juu ya mkeka, kikapita kati yao, baridi kama kanga iliyolowa maji. Harufu ikakatika. Nje, migomba ilitulia tuli.

Gari liliondoka bila Mek Jarah. Daktari alimpunguzia dawa kidogo kidogo, mikono ikatulia, naye akarudi kwenye meza yake. Hakuna aliyemtekenya tena, kwani Saodah alikuwa macho kama mlinzi. Alianza kuamini kwamba amesamehewa.

Kisha siku moja, mchana kweupe, kifuniko cha sufuria ya nta kikaanguka tena.

"Nimefika!" ilisema sauti. "Nimefika, nimefika!"

Wote walimtazama Mek Jarah. Mek Jarah alikuwa akimtazama Saodah. Mkono wa Saodah ulikuwa umepanda utosini, ukaanza kushuka, ukapita kifua, ukapita goti. Walimwamuru yule atoke. Hakuna aliyemwambia aende wapi.

Halafu Wok Limah akaangua kicheko.

"Jamani, Saodah naye kapata latah!" Alikuwa tayari nyuma yake, amenyoosha kidole kuelekea mbavu. "Saodah! Mwite!"

"Limah, usifanye hivyo!" Mek Jarah alipiga kelele, lakini kidole kilikuwa kimekwisha fika.